Kazi za Shule Nyumbani: Zafaa Nini?



Juma lililopita mama mmoja wa jumuiya yetu, hapa chini ya Mlima Meru, aliniletea ofisini daftari la mwanawe wa darasa la sita. Mlikuwa na hesabu 40 za kuzidisha, zote sahihi, zote zimefanywa usiku baada ya kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe. Mwalimu alitia alama moja kubwa ya vema chini ya ukurasa, basi. Mama akaniuliza, "Bwana karani, hizi ndizo zitakazomfikisha Ilboru?"

Ilboru, kama mjuavyo, ni shule ya serikali ya wavulana wenye vipaji maalumu, nayo ipo papa hapa Arusha. Nani asiyetamani mwanawe aingie? Lakini kijana yule alikwisha onyesha katika hesabu tatu za kwanza kwamba kuzidisha anakujua. Zile 37 zilimfundisha nini, ila kusinzia?

Msidhani nazipinga kazi hizi. Huko Marekani mtaalamu Harris Cooper na wenzake walikusanya uchunguzi wa miaka mingi, wakaandika mwaka 2006 kwamba kwa wanafunzi wa sekondari kazi za nyumbani huandamana na kufaulu. Kwa watoto wadogo wa shule ya msingi uhusiano huo ni hafifu. Na huko, nadhani, watoto wenye ng'ombe wa kukatia majani ni wachache.

Nami nina deni. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu nilitoa hesabu 20 kila jioni kwa darasa la watoto 80. Hizo ni 1,600. Nilisahihisha za madawati ya mbele; nyingine nilizipitishia kalamu tu. Msichana mmoja wa nyuma alikosea namna ile ile majuma matatu, nami kila mara nikamtilia vema, hata akalishika kosa kama fundisho. Nililigundua siku ya mtihani. Mpaka leo nikikutana naye sokoni Tengeru naona haya.

Basi nilimwambia mama amwendee mwalimu kwa adabu, amwombe ampe kijana hesabu tatu ngumu badala ya 40 nyepesi, na azisome atakavyojibu. Kisha nikamwuliza habari za binti yake wa darasa la nne. Daftari lake, akasema, mara nyingi halina kitu, maana kaka akizidisha yeye yuko jikoni, mtoto mdogo mgongoni.

Tukanyamaza wote wawili.

Jumapili baada ya Misa aliniambia kwamba sasa kijana ndiye abebaye mtoto jioni, na binti hukaa mlangoni na daftari kabla giza halijaingia. Kwa mwalimu bado hajakwenda, anaogopa. Nimeahidi kumsindikiza Jumatatu.