Weka geini chini kwanza, halafu tuongee

Leo utani ni kidogo, kwa sababu nina deni la kulipa.

Wale mko hapa tangu mwaka jana mnakumbuka ile vidio yangu ya DAC. Kale kadude saizi ya kibiriti, unakachomeka kwa simu upande mmoja, iafoni upande ule mwingine, na muziki unatoka safi kuliko vile simu peke yake inaweza. Katika hiyo vidio nilibonyeza kitufe cha geini kutoka chini kwenda juu, nikatoa macho kama mtu ameona malaika, nikasema: "Sikieni hiyo! Besi imenona, sauti zimefunguka. Ukinunua hii kitu halafu uiache kwa geini ya chini, umetupa pesa yako."

Vidio ikavuma. Hakuna vidio yangu nyingine imewahi kutazamwa hivyo. Na nilichosema hapo hakikuwa kweli. Sikujua, lakini aliyeniamini hakupona kwa sababu mimi sikujua.

Wiki iliyopita nimeiondoa. Kilichonisukuma ni ujumbe kutoka kwa kijana wa kidato cha nne. Aliandika: "Buda, nilifuata ile vidio yako nikaweka geini juu. Sasa sikio la kushoto linalia iiiii tangu Jumapili. Itaisha?"

Manze, nilikaa na hiyo simu mkononi nikakosa la kujibu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Nilimwambia azime hiyo kitu, amwambie mzazi, aende hospitali akapimwe masikio, leo si kesho. Alienda na mamake. Mlio umepungua, ila haujaisha.

Kwa hivyo wacha nirekebishe nilichoharibu.

Geini na voliumu si kitu kimoja, na wengi wetu tunazichanganya. Fikiria ploti yenye tangi la maji juu ya paa. Voliumu ni mfereji ulio kwa sinki yako, unafungua kidogo au unafungua sana. Geini ni urefu ambao tangi limepandishwa. Tangi likiwa juu zaidi, presha inaongezeka, na ukigusa mfereji kidogo tu maji yanakurukia usoni. Lakini maji ni yale yale. Tangi ukilipeleka orofa ya tano, maji hayageuki kuwa soda.

Hiyo presha ina kazi yake. Kuna hedifoni ambazo ni kama bomba jembamba na refu, bila presha maji hayafiki. Na kuna iafoni ambazo ni kama kikombe kilichowekwa moja kwa moja chini ya mfereji. Shida ni kwamba wengi wetu tumeshika kikombe, halafu tunalilia tangi la orofa ya tano.

Sasa hesabu kidogo, msitoroke.

Chukua iafoni za bei nafuu, zile zinauzwa mob pale Luthuli Avenue. Angalia boksi. Si ajabu ukute namba kama hizi: omu 25, desibeli 112 kwa miliwati moja. Ukipiga hesabu, volti 0.16 tu zinatosha kuzifikisha desibeli 112. Hiyo ni sauti ya kusimama karibu na spika ya konsati. Ukitaka zile sehemu za juu kabisa za wimbo, pale ngoma inagonga, zifike desibeli 100, unahitaji kama volti 0.04.

Sasa tuseme kadude kako kanatoa volti 1 kwa geini ya chini na volti 2 kwa geini ya juu. Maana yake ni kwamba hata kwa geini ya chini tayari uko na volti mara 25 ya zile unahitaji. Kubonyeza juu kunakupa mara 50. Za nini?

Linganisha na hedifoni kama Sennheiser HD 600. Hiyo ni omu 300, na inatoa desibeli 97 ukiipa volti 1. Hapo ndipo geini ya juu inaanza kuwa na maana, kwa sababu ukitaka muziki uwe na nafasi ya kupanda bila kukwama, volti 2 na zaidi zina kazi ya kufanya. Na usinakili tu mpangilio wa beshte yako kwa sababu jina la hedifoni ni moja. Beyerdynamic DT 770 Pro imeuzwa kwa matoleo ya omu 32, omu 80 na omu 250. Sura ile ile, jina lile lile, lakini mahitaji tofauti kabisa. Soma namba, wacha kusoma jina pekee.

Utaniuliza: sasa mbona wewe mwenyewe ulisikia besi imenona?

Nilisikia kweli. Sikuigiza. Mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii toni zote sawasawa. Sauti ikiwa ndogo, besi inapotea kwanza, na zile toni za juu kabisa pia zinafifia. Ukipandisha sauti, besi inarudi, kila kitu kinaonekana kimejaa. Kwa hivyo nilipobonyeza geini juu, kadude hakakuboresha chochote. Kalipiga kelele zaidi, na sikio langu likaita hiyo kelele ubora.

Aliyenionyesha hili ni fundi wa redio wa mtaani kwetu, mzee ambaye ametengeneza amplifaya za matatu tangu kabla sijazaliwa. Nilimpelekea kadude baada ya ule ujumbe. Akaniuliza swali moja.

"Kijana, ulipobadilisha geini, ulirudisha voliumu mpaka sauti zikalingana?"

Nikanyamaza.

"Basi hukulinganisha geini. Ulilinganisha sauti ndogo na sauti kubwa."

Akacheza mlio wa hezi 60, akapima volti kwenye waya na mita yake, mimi nikiwa sijavaa kitu. Akatafuta hatua ya voliumu kwa geini ya juu inayotoa volti sawa na ile ya geini ya chini, akaandika hatua zote mbili kwa karatasi. Halafu akanigeuza niangalie ukuta. Akacheza wimbo ninaoujua kama jina langu, akawa anabadilisha bila mimi kuona, mara 12. Kila mara niseme ni geini gani.

Nilipata 6. Mbuzi angepata hizo 6.

Pale tu ambapo niliijua geini ya juu bila kukosea ni wimbo ulipokoma. Kwa mbali nikasikia "shhhhh", kama mvua ya mabati ya jirani. Hiyo ni kelele ya amplifaya yenyewe, na geini inapoongezeka nayo inaweza kuongezeka. Iafoni zenye usikivu mkubwa haziwezi kuificha. Yaani kile kitu niliwaambia mlipie ndicho kilichokuwa kinachafua muziki wenu.

Sasa twende kwa sehemu inayouma.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na lile la mawasiliano la ITU, walitoa kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa kama hivi. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, saa zinakatwa nusu. WHO hao hao wanasema vijana zaidi ya bilioni moja, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya usikilizaji usio salama.

Kutoka volti 1 kwenda volti 2 ni desibeli 6. Piga hesabu mwenyewe: 40 gawa kwa mbili ni 20, gawa tena ni 10. Ukibonyeza kitufe mara moja bila kugusa voliumu, unaweza kutoka saa 40 za wiki hadi saa 10. Mtu anayevaa iafoni kutoka asubuhi kwa mathree mpaka usiku akifanya asainimenti anamaliza saa 10 kabla ya Jumatano. Na zile nyuzi ndogo za ndani ya sikio zikishakufa, hazimei tena. Masikio hayana bandulo ya kuongeza.

Najua kuna wale watasema: "Lakini geini ya juu inaipa hedifoni uhai." Wacha niwape haki yao. Kuna tudude ambato vipimo vyake hubadilika kidogo kati ya geini moja na nyingine. Na kama una hedifoni ngumu, voliumu iko mwisho na bado unasikia kwa shida, geini ya juu ni halali yako kabisa. Pia kuna rekodi ambazo zilirekodiwa kwa sauti ndogo, sana sana za zamani, na mazungumzo ya watu wasio na maikrofoni nzuri. Sijasema kitufe king'olewe. Nasema kisiwe cha kwanza kuguswa.

Na hili si wazo langu la jana. Mwaka wa 2011 kulikuwa na jamaa asiyejulikana jina lake halisi, akijiita NwAvGuy, aliyechapisha bure mchoro wa amplifaya ya hedifoni inayoitwa O2, yeyote aijenge. Ilikuja na geini mbili: mara 2.5 na mara 6.5. Msimamo wake ulikuwa kwamba unachagua geini inayotosha hedifoni zako, basi. Alieleza pia kwamba ukilisha amplifaya ishara yenye nguvu halafu uikuze kupita uwezo wake, vichwa vya mawimbi vinakatwa na sauti inapasuka. Mwaka wa 2012 jamaa akanyamaza, hakuonekana tena. Hakuwa anauza kitu. Labda ndiyo maana alisema ukweli ambao mimi, nikitafuta watazamaji, sikuusema.

Basi hivi ndivyo mimi nafanya siku hizi, na ndivyo naomba mfanye:

Anza na geini ya chini kila mara, hata kama ni hedifoni mpya na umechangamka.

Kaa mahali pametulia, keja yako usiku ni poa, uweke wimbo unaoujua. Pandisha voliumu polepole mpaka usikie vizuri, kisha usimame hapo. Ukitosheka kabla ya kufika mwisho wa voliumu, umemaliza. Funga mjadala.

Ukifika karibu na mwisho na bado ni ndogo, vua iafoni, shusha voliumu mpaka chini, ndipo ubadilishe geini. Halafu uvae na uanze kupanda tena. Usiwahi kubonyeza geini juu ukiwa umezivaa. Hapo ndipo watu huumia.

Kama kwa geini ya juu unasikiliza ukiwa hatua mbili au tatu tu kutoka sifuri, hiyo ni dalili kwamba umepandisha tangi bure. Rudi chini. Utapata hatua nyingi zaidi za kupanga sauti vile unataka, badala ya kuruka kutoka "siskii" hadi "nakufa".

Na mambo ya mathree: najua. Uko ndani ya nganya, spika ziko chini ya kiti, makanga anapiga mbinja, na wewe unataka kusikia muziki wako. Hapo jaribu lile la kupandisha geini ni kubwa. Lakini usishindane na hizo spika kwa nguvu. Tafuta vile vimpira vya iafoni vinavyoziba sikio lako sawasawa. Boksi nyingi huja na saizi tatu, na watu wengi hawajawahi kujaribu zile mbili zingine. Kikiziba vizuri, kelele ya nje inapungua na besi inarudi bila kupandisha voliumu. Kama bado husikii, vua. Muziki wako utakungoja ushuke.

Kwa yule kijana: samahani. Nilikuambia hadharani, kwa hivyo samahani pia naiweka hadharani. Na kwa wale wengine mlionunua kadude kwa sababu yangu, kadude ni kazuri, si kako kenye makosa. Shusha tu geini leo.

Kama masikio yako nayo yanalia baada ya kusikiliza, usiniandikie kwanza. Nenda upimwe kwanza, halafu uje uniandikie. Na wewe mwenye iafoni saa hii ukisoma hii, angalia kitufe kiko wapi, kisha uniambie hapo chini ulikikuta juu ama chini. Ukweli tu. Mimi wangu nimeshasema.