Jesús Navas Hakuchelewa

Mei 2006, mjini Eindhoven, Sevilla iliichapa Middlesbrough mabao 4-0 na kutwaa Kombe la UEFA. Winga wake wa kulia alikuwa na miaka 20, mwembamba, mwenye mbio zilizowatesa mabeki wa Hispania nzima. Kijana wa aina hiyo kwa kawaida hadumu katika klabu ya kiwango cha Sevilla. Matajiri humbeba dirisha la usajili linalofuata. Jesús Navas hakwenda popote. Akikaa kambini mbali na kwao alishikwa na hofu kali ambayo hakuweza kuizuia, na ilitokea akaaga kambi akarudi Los Palacios y Villafranca, mji mdogo kusini mwa Sevilla alikozaliwa Novemba 1985. Hata kwenye timu za taifa za vijana hofu hiyo ilimfuata.

Soka lina hukumu ya haraka kwa mtu kama huyo: ana kipaji, ila hana moyo. Na sasa kwa kuwa amestaafu akiwa na Kombe la Dunia na mataji mawili ya Mataifa ya Ulaya, imezuka hukumu ya pili, tamu zaidi, kwamba aliishinda hofu ndipo maisha yakaanza. Siikubali hata hiyo. Inatufanya tuamini kwamba miaka aliyobaki Sevilla ilikuwa ya kusubiri, kumbe ndiyo iliyomjenga.

Mtazame aliyemtangulia. José Antonio Reyes alitoka Utrera, mji jirani na Los Palacios, akapitia akademi hiyohiyo ya Sevilla. Navas alicheza ligi kwa mara ya kwanza Novemba 2003. Januari 2004 Reyes, akiwa na miaka 20, aliuzwa Arsenal. Alifika kikosi kikielekea kumaliza ligi bila kufungwa, akapata medali ya ubingwa. Lakini London haikumkaa. Hakuficha kwamba alipakumbuka kwao, na mwaka 2006 alirudi Hispania kwa mkopo, Real Madrid. Sisemi alishindwa: mtu aliyetwaa Europa League mara tano, tatu kati ya hizo akiwa na Sevilla baada ya kurudi, hawezi kuitwa aliyeshindwa. Ninachosema ni kwamba kuondoka mapema hakukumpa ukomavu ambao Navas aliukosa kwa kubaki. Wote wawili walicheza mpira wao mzuri zaidi mahali walipolala usingizi.

Wanaopinga wana hoja yenye uzito, na ni haki isikilizwe. Wanasema: kama Navas angeachwa aendelee kukaa nyumbani, asingefika Johannesburg, kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli. Hofu yake haikuwa mapenzi ya kijiji tu, ilikuwa ni ugonjwa uliohitaji tiba, naye aliutafutia msaada wa kitaalamu, polepole, kwa miaka. Novemba 2009, akikaribia kutimiza miaka 24, ndipo alipovaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Argentina. Kosa la hoja hiyo ni kuchanganya tiba na shinikizo. Hakuna aliyemsukuma ndani ya ndege akapona. Aliendelea kucheza kila wiki mbele ya watu wanaomjua, akila kwao, akitibiwa, mpaka siku alipoweza kusafiri.

Kisha akakaa zaidi ya mwezi mbali na nyumbani, Hispania ikiwa imepiga kambi Potchefstroom, Afrika Kusini. Katika fainali dhidi ya Uholanzi aliingia dakika ya 60 badala ya Pedro. Wengi wanaikumbuka dakika ya 116 kwa bao la Andrés Iniesta. Irudieni video kuanzia mwanzo wa shambulizi. Mpira uko kwa Navas, upande wa kulia, ndani ya nusu ya Hispania. Wachezaji wote wamechoka, wengine wanatembea. Yeye anakimbia nao moja kwa moja, Waholanzi wanamkusanyikia, na hapo ndipo safu yao inapofumuka. Mpira unapita kwa Iniesta na Cesc Fàbregas, unakwenda kushoto kwa Fernando Torres, krosi inaokolewa nusunusu, Fàbregas anaunasa, Iniesta anamaliza. Navas hahesabiwi pasi ya bao. Lakini bila mbio zile sidhani kama tungekuwa na bao la kuzungumzia.

Aliondoka Sevilla mwaka 2013, akiwa na miaka 27, kwa ridhaa yake na akiwa amekomaa. Misimu minne ya Manchester City ilimpa ubingwa wa Ligi Kuu, Makombe ya Ligi mawili na bao dhidi ya Tottenham lililofungwa sekunde ya 14. Haikuwa miaka yake bora, tuseme ukweli: alifunga mabao machache mno kwa winga, na krosi zake nyingi ziliishia miguuni mwa mabeki. Pep Guardiola akaanza kumpanga beki wa kulia. Wengi waliona huo ndio mwisho wake.

Agosti 2017 akarudi nyumbani, akachukua jezi namba 16, iliyokuwa ya Antonio Puerta, rafiki na mwenzake wa akademi aliyeanguka uwanjani Agosti 2007 na kufariki siku tatu baadaye. Kwa nafasi ile ya beki aliyojifunza Uingereza, akaanza maisha mapya. Mwaka 2020, akiwa nahodha, krosi yake ilimpa Luuk de Jong bao la ushindi dhidi ya Manchester United katika nusu fainali ya Europa League; kwenye fainali na Inter akampa tena De Jong krosi ya bao. Mwaka 2023, Budapest, ana miaka 37, krosi yake ndiyo Gianluca Mancini wa Roma aliyoisukumia wavuni mwake, na Sevilla ikashinda kwa penalti. Huyu ndiye aliyeambiwa kwamba krosi zake hazina macho.

Huku Afrika Mashariki tunayo tabia hiyohiyo ya kuhukumu haraka. Mchezaji akirudi kutoka ng'ambo, vijiweni huhukumiwa kabla hajagusa mpira, na kijana wa miaka 18 akisita kuondoka, huambiwa anaichezea bahati. Wanaomwambia hivyo mara nyingi ni wale watakaopata kamisheni.

Julai 2024, mjini Munich, Dani Carvajal akiwa amefungiwa, Navas alianza nusu fainali ya Mataifa ya Ulaya akiwa na miaka 38, kazi yake kumkaba Kylian Mbappé. Ufaransa walipata bao la mapema kupitia upande wake, akaonyeshwa kadi ya njano, lakini hakufyata mkia. Alitolewa kipindi cha pili Hispania ikiongoza 2-1. Mbele yake, upande uleule wa kulia, alicheza Lamine Yamal, ambaye hakuwa amezaliwa Navas alipotwaa Kombe la UEFA kule Eindhoven. Baadaye Navas alieleza kwamba kwa miaka alikuwa akicheza na maumivu ya nyonga. Aliacha soka Desemba mwaka huo, akiwa ameichezea Sevilla mechi 705, rekodi ya klabu. Atakayesema kwamba mtu huyu alichelewa kuondoka nyumbani atutajie mechi ambayo kuchelewa huko kulimnyima.