GARI LIKIFA, USICHUKUE HELA YA BARABARANI

Wapambanaji wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa. Naongelea kirikuu yangu.

Mwaka jana nilitoa mzigo Kariakoo, nishushe kwa wateja Kibaha kisha nirudi nyumbani Kisarawe. Pale Maili Moja gari kubwa likanigonga kwa nyuma. Mimi nikatoka mzima, kirikuu ikafa. Dereva akakubali kosa, akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, tukiita trafiki tutapoteza siku nzima. Chukua milioni 1 na nusu tuyamalize." Nikachukua, nikasaini na karatasi kwamba sidai tena.

Kirikuu nilinunua milioni 8. Fundi alipoifungua akasema chesisi imepinda, kuitengeneza ni gharama kuliko kununua nyingine. Wiki 6 nikatuma mizigo kwa bodaboda, faida yote ikaishia kwenye nauli.

Maoni yangu ni haya: mkwaruzo malizaneni hapo hapo, lakini gari likifa usikubali. Jamaa anakupa kilichopo mfukoni mwake, siyo thamani ya gari lako. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila gari barabarani liwe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoita bima ndogo. Huyo mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa! Sisi tunaichukulia kama stika ya kumwonyesha trafiki tu.

Ningerudi siku ile, ningefanya hivi:

1. Picha kwanza, kabla magari hayajasogezwa. Namba zake, leseni yake, barabara, mzigo ulioharibika. Bima yake unaihakiki kwenye simu kupitia TIRA MIS kwa namba ya gari.

2. Ita trafiki. Bila ripoti ya polisi na mchoro wa ajali huna kesi. Ukiumia, chukua PF3.

3. Kadi ya gari iwe kwa jina lako. Ukinunua gari mkononi, badilisha umiliki TRA mapema, siyo siku ya kudai.

4. Jua bei yako. Kinachopimwa ni thamani ya gari sokoni kabla tu ya ajali, siyo bei ya gari jipya. Kusanya matangazo ya magari ya aina na mwaka kama lako, na risiti za matengenezo. Uliza pia mabaki anabaki nayo nani. Ukibaki nayo wewe, thamani yake inakatwa kwenye malipo.

5. Dai na mzigo, na siku ulizokaa bila kazi. Bima ndogo ina kikomo chake, kinachozidi unamdai aliyekugonga. Mahakama zetu zinataka hasara ya aina hii itajwe kwa hesabu na ithibitishwe. Hapa sisi wa mtandaoni tuna bahati: oda ziko WhatsApp, miamala iko kwenye simu. Usifute.

6. Usisaini "malipo ya mwisho" kabla hujapiga hesabu yote. Bima wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA. Mahakamani, madai ya uzembe kama haya yana ukomo wa miaka 3.

Kuna watasema bima inachelewa, bora hela mkononi. Ni kweli inachelewa, na mtu mwenye kodi ya fremu hawezi kusubiri kirahisi. Lakini mimi nilipata hela siku ile ile, na mpaka leo sijanunua gari lingine. Kama shida ni ya leo, pokea kiasi, mwandikiane kuwa ni sehemu ya malipo tu, na ripoti ya polisi iendelee.

Ile karatasi niliyosaini ilikuwa na mistari minne. Niliisoma nikiwa bado natetemeka. Wewe usisome chochote ukiwa unatetemeka. Kaa chini, kunywa maji, mpigie ndugu yako, ndipo uongee hela.

Mtumie mwenzako anayebeba mzigo kwa gari lake.