Mtandao Umevuka Bahari, Umeshindwa na Ukuta



Mama yangu mzazi ana mwana aliyeko London, na ada yao ni kuonana kwa simu kila Ijumaa baada ya Swala ya Alasiri. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwona akiizima simu mapema na kuiweka chini ya mto bila ya neno. Siku moja nilimwuliza habari za ndugu yangu, akanijibu: "Mwanangu siku hizi ana shughuli nyingi. Tukianza kuzungumza tu, hunikatia." Nilipompigia ndugu yangu kumlaumu, yeye naye alikuwa na lake: alidhani mama amemchoka, kwani uso wake huganda kiooni, kisha hutoweka. Kumbe hapakuwa na aliyemkatia mwenziwe. Aliyekuwa akiwakatia ni ukuta.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa kama nusu mita. Fundi wa intaneti aliitundika ruta ukumbini, kando ya dirisha la barabarani, kwa kuwa hapo ndipo waya ulipoingilia. Chumba cha mama ni cha ndani kabisa, ng'ambo ya ua, na baina yake na ruta pana kuta tatu. Dawa ya kwanza niliyoifikiria ni ile wanayoifikiria wengi: nilipandisha kifurushi kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20. Nikalipa nyongeza kwa miezi mitatu, na simu ya Ijumaa ikaendelea kukatika vilevile.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba sisi wa Mombasa tuko mlangoni mwa intaneti. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua pwani yetu mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Sauti ya mtoto aliyeko Ulaya husafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari pasi na kuchuja, kisha ikaja kudhoofika katika hatua ishirini za mwisho, kati ya ukumbi na chumba cha mzee wake. Kwa hivyo, msomaji mwenye tatizo kama langu na aanze kwa kupima kabla ya kulipa.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Chukua simu moja, simama karibu na ruta, na upime kasi kwa programu yoyote ya kupimia. Kisha nenda na simu hiyohiyo hadi chumba cha mbali, upime tena papo hapo. Ikiwa kasi ni ndogo hata karibu na ruta, shida iko nje, na wa kuulizwa ni kampuni inayokuuzia. Ikiwa karibu ni nzuri na mbali ni duni, shida ni ya nyumbani, na kifurushi kikubwa hakitaitibu. Kwetu, ukumbini nilipata megabiti 19. Chumbani mwa mama haikufika hata moja. Mazungumzo ya video ya watu wawili hayataki zaidi ya megabiti chache. Tulikuwa nazo tele, ila hazikumfikia aliyezihitaji.

Sababu ni hii. Mawimbi ya ruta hufifia kwa umbali, na hufifia zaidi yanapopenya vitu vizito. Mbao na kioo cha dirisha huyapunguza kidogo. Jiwe, zege na maji huyanyonya sana. Bati, friji na kioo cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka. Tena ukuta mnene una hila yake: ukipenywa moja kwa moja ni nusu mita, lakini ukipenywa kwa mshazari, njia ndani ya jiwe huweza kufika mita nzima. Ruta nyingi za siku hizi zina bendi mbili. Ile ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Ile ya gigahezi 2.4 ni ya polepole ila hupenya vizuri zaidi. Basi runinga iliyo karibu na ruta ipewe bendi ya 5, na simu ya chumba cha ndani ijaribiwe kwenye ya 2.4.

Baada ya kupima, tazama ruta imekaa wapi. Isiwe sakafuni, wala ndani ya kabati, wala nyuma ya runinga. Iinue juu ya kimo cha mtu, na uiweke katikati ya nyumba iwezekanavyo. Katika nyumba zetu za kale, mawimbi hupita pale upepo unapopita: milangoni, ngazini na uani. Ruta inayotazamana na ua hufikia vyumba vingi kuliko iliyo ukumbini mbele. Lakini usiuvute mwenyewe ule waya mwembamba wa kampuni, kwani ndani yake mna uzi wa kioo, na ukikunjwa sana huvunjika. Mwite fundi wao.

Huenda kuihamisha ruta kusiwezekane, au kusitoshe. Wengi hapo hukimbilia kununua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya. Kina faida, lakini hukosewa mahali pa kukiweka: watu hukichomeka katika chumba kilekile kisicho na mtandao. Mfano wake ni yule anayepokeza takbira za imamu katika jamaa kubwa. Yeye husimama pale anapomsikia imamu waziwazi, na walio nyuma wakamsikia yeye. Akisimama safu ya mwisho asikosikia kitu, atapokeza nini? Kiweke nusu ya njia, mahali mawimbi yangali na nguvu. Na ujue kwamba kifaa cha aina hii, kinapopokea na kurusha kwa bendi moja, hupunguza kasi kiasi cha nusu.

Dawa iliyo madhubuti zaidi ni waya. Kebo ya mtandao huchukua kasi yote hadi mita 100, wala haijali jiwe. Sisi tulitumia mita 18, tukaipitisha juu pamoja na boriti na katika tundu lililokuwapo tangu zamani la nyaya za umeme, bila ya kutoboa ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimo katika eneo la hifadhi, na haifai kuzichimba ovyo. Mwisho wa kebo, karibu na mlango wa mama, tuliweka ruta ya pili, kuukuu, iliyokuwa imelala kabatini. Tuliipa jina na neno la siri sawa na ile ya kwanza, na tukaizima kazi yake ya kugawa anwani, ili kazi hiyo ifanywe na ruta moja tu. Unaponunua kebo, uliza iliyo ya shaba halisi. Zipo za bei rahisi za alumini iliyopakwa shaba, nazo hazidumu.

Limebaki la jirani. Katika mitaa iliyosongamana, ruta za nyumba kumi hugombania hewa moja. Kwenye bendi ya 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Tazama majirani wamejaa wapi, nawe uende penye nafasi; ni raha yako na yao.

Gharama yetu yote haikufikia ile nyongeza niliyoilipa bure kwa miezi mitatu, na kifurushi nimekirudisha kuwa cha megabiti 10. Ijumaa iliyofuata mama alizungumza na mwanawe hadi Magharibi ikakaribia. Alipotoka aliniambia, "Leo hakuwa na shughuli." Nikamweleza kisa cha ukuta tangu mwanzo hadi mwisho. Akauangalia, akaupapasa kwa kiganja, akasema kuwa ukuta ule ulijengwa na babu yake wala hauna kosa. Mwenye kosa ni aliyeitundika ruta dirishani, na aliyemwacha mzee adhani amesahauliwa.

Nami nimekubali. Wewe msomaji, leo jioni chukua simu uende nayo hadi chumba cha ndani cha nyumba yako, upime.

Wabillahi tawfiq.