Ororo Kanyimwa Kwao

Juma lililopita nilikuwa Ayany, Kibera, kwa mwana wa dada yangu. Baada ya sala ya isha tukatazama sinema ya X-Men, ile ya mwaka 2000. Nikawauliza wajukuu: "Yule mwanamke wa nywele nyeupe anayeamrisha mvua na radi, mwajua kwao ni wapi?" Wakajibu pamoja: "Marekani, babu!"

Sikuwalaumu. Sinema haikuwaambia.

Waliosoma vitabu vya katuni vya Marvel wanayo habari nyingine. Mwanamke huyo, Storm, yaani Tufani, alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, katika hadithi ya Len Wein iliyochorwa na Dave Cockrum, na alikutwa papa hapa Kenya. Mama yake Mkenya, baba Mmarekani. Akiwa mdogo, ndege ya vita iliangukia nyumba yao mjini Cairo. Wazee wakafa, naye akafukiwa kifusini kando ya mama yake. Tangu siku hiyo hawezi kustahamili mahali finyu. Akafunga safari kuelekea kusini hata akafika nchi ya mama yake. Katuni za televisheni zilizoanza mwaka 1992 ziliihifadhi hofu ile, na zikamrudisha Afrika kumwokoa mtoto aliyemhesabu kama mwanawe.

Jina lake ni Ororo. Waandishi wake walidai maana yake ni uzuri. Hapo walikosea, kwetu -ororo ni laini, kama tusemavyo ngozi nyororo. Hata hivyo walibisha hodi. Na kuwa aliabudiwa kama mungu, hilo tuna neno nalo, kwani upepo tuliofundishwa chuoni ulitiishwa kwa Nabii Suleiman, tena kwa amri ya Mola. Lakini hekaya ni hekaya, na sisi tuliolelewa kwa majini wa Alfu Lela Ulela hatuna haki ya kukunja uso.

Wenye sinema, pamoja na fedha zao zote, wamefanya nini? Katika ile ya kwanza Halle Berry alijaribu lafudhi kidogo. Ilipotoka ya pili, mwaka 2003, lafudhi imeyeyuka. Mwaka 2016 wakamwonyesha akiwa kijana, mwizi wa mifukoni huko Cairo, kisha wakamvusha hadi Marekani. Ile safari ya kwenda kwa mama yake, ambayo ndiyo roho ya kisa, wakairuka.

Wala si kwamba hawawezi. Black Panther ya mwaka 2018 iliipa Wakanda, nchi isiyokuwako duniani, lugha ya Kixhosa yenye wenyewe. Kenya iliyoko imekosa hata kutajwa!

Msomaji ataniambia haya ni mambo ya watoto. Naam, na watoto wenyewe ni wa Kibera, mtaa unaoijua kamera vizuri. The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa humu humu. Kamera ikitaka mabati, matope na ugonjwa, njia ya Kibera haiipotei. Siku Mkenya anaporuka angani na mawingu yakamtii, ndipo asili yake inaposahauliwa.

Nilipomaliza kuwasimulia, mjukuu wa kike, wa miaka tisa, akauliza kama Ororo anajua Kiswahili. Nikamwambia aliyekulia Kenya hana budi kukijua. Akafikiri kidogo, kisha akaomba tuizime sauti ya televisheni, amsemee yeye, kama wafanyavyo wale wasimulizi wa mabanda ya video.

Tukaizima. Tufani akafungua kinywa, akamwambia adui yake atoke mbio kabla hajalowa.