KUHESABU KWA MAFUNGU KUANZE MAPEMA

Mtoto anapoingia darasa la kwanza huanza kuhesabu moja, mbili, tatu, na siku anapofika mia moja hupigiwa makofi. Makofi hayo ni haki yake. Lakini ni dhahiri kwamba kuhesabu kimoja kimoja ni kizingiti tu cha hesabu. Nyumba yenyewe bado iko mbele. Hatua inayofuata ni kuhesabu kwa kuruka, yaani kwa mafungu: mbili, nne, sita, tano, kumi, kumi na tano, kumi, ishirini, thelathini. Hatua hii ndiyo mlango wa kuzidisha na kugawanya, na mtoto asiyeupita vyema hubaki akihesabu kwa vidole hata atakapokuwa mtu mzima.

Tunaomba leo tuutazame mkoa wa Rukwa, katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wanaweza kuuliza: Sumbawanga ni mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mkulima wa Ufipa na mchumaji wa karafuu wa Pemba wana shida moja: wote wawili riziki yao hupimwa kwa kipimo, na asiyejua kuhesabu vipimo vyake huhesabiwa na mwingine.

Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Kwa desturi gunia la mahindi huhesabiwa kuwa madebe sita. Anakuja mlanguzi na gunia lake, anashindilia, anaongeza kilemba juu, gunia linameza madebe saba. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo sheria za vipimo zimeikataza, na bado wakulima wanaililia. Sasa tufanye hesabu. Mkulima wa Laela au Matai aliyeuza magunia 40 ya namna hiyo ametoa madebe 40 bila malipo. Mtoto wake wa darasa la pili aliyefundishwa kuhesabu kwa sita angesema: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini, thelathini na sita. Magunia sita yamekwenda bure, na madebe manne juu yake. Hesabu hiyo haihitaji mashine wala karani. Yahitaji mtoto aliyefundishwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari bila hesabu ni karatasi tu.

Wako watakaosema kwamba wao walikariri jedwali la kuzidisha kwa wimbo, tena kwa bakora, na hesabu waliijua. Hatuubezi wimbo, wimbo husaidia kumbukumbu, na watoto huupenda. Tunachokataa ni wimbo usio na kitu nyuma yake. Mtoto anayeimba tano, kumi, kumi na tano, lakini akipewa punje 15 za mahindi hawezi kuzigawa katika mafungu ya tano tano, huyo ni kasuku. Na njia ya kumjua ni rahisi: mwambie aanze na tatu, kisha aongeze tano tano. Aliyeelewa atasema nane, kumi na tatu, kumi na nane. Aliyekariri atanyamaza.

Jambo la kufurahisha ni kwamba vifaa vya somo hili vimejaa tele. Katika mchezo wa mdako, mtoto hurusha jiwe juu na kuokota mengine, kwanza moja moja, kisha mawili mawili, kisha matatu matatu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete zake ni 64, yaani mbili kwa kila shimo. Mfipa hulima kwa vilima vya udongo vilivyofukia majani, na shamba lenye safu za vilima hivyo ni ubao wa hesabu uliolazwa chini. Huku Visiwani kanga huuzwa kwa doti, ambayo ni vipande viwili. Boriti huhesabiwa kwa korja, ambayo ni ishirini. Na pishi ni vibaba vinne. Sarafu zetu nazo ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Mtoto anayetumwa dukani anahesabu kwa mafungu kabla ya mwalimu kumwambia. Kazi ya shule ni kulileta darasani lile ambalo maisha yamekwisha lianza.

Liko pia jambo la lugha. Katika lugha nyingi za Kibantu, ishirini husemwa makumi mawili, na thelathini makumi matatu. Neno lenyewe linaeleza hesabu. Kiswahili chetu kimechukua ishirini, thelathini na arobaini kutoka Kiarabu, kama vile sita, saba na tisa zilivyochukua mahali pa tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa maharusi na siku zao saba. Hatusemi lugha irudi nyuma. Twasema tu kwamba mtoto hasikii tatu ndani ya thelathini, kwa hiyo mwalimu hana budi kumwonyesha, kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, kwamba thelathini ni makumi matatu. Dakika chache za kazi hiyo zaweza kuokoa miaka ya kubahatisha.

Tunajua kwamba mwalimu ana mzigo. Elimumsingi bila ada ilipoanza Tanzania Bara mwaka 2016, watoto wengi walijiandikisha, na hilo ni jema. Lakini madarasa yalijaa. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Bara mwaka 2015 uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mkazo wa kwenye karatasi hautoshi. Wizara zetu mbili za elimu, ya Bara na ya Zanzibar, na maofisa wa wilaya hawana budi kuhakikisha kwamba mwalimu wa madarasa ya chini ni mwalimu hodari, si yule aliyekosa pa kupelekwa. Na mkaguzi anapoingia darasani asiridhike kusikia watoto wakiitikia kwa sauti moja. Awape punje, awaambie wapange.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba elimu yetu lazima imwandae kijana kwa maisha atakayoishi. Maisha ya Ufipa ni madebe na magunia; ya Pemba ni pishi na vibaba. Wazazi nao wasisubiri shule. Jioni, maharage yanapochambuliwa, mtoto ayapange mbili mbili, tano tano. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni yule ajuaye kuhesabu vibaba ndiye atakayejua kama pishi yake imejaa.