Ukumbi wa Mafundi: Kompyuta Inayoganda



Mwezi uliopita tuliahidi kwamba ukurasa huu utaeleza namna ya kuziba madirisha yapitishayo baridi. Twaomba radhi. Ahadi hiyo tunaisogeza mbele kwa mwezi mmoja, kwani limetufikia jambo lililotushughulisha kwa majuma matatu, nalo twadhani lazihusu nyumba nyingi za jamaa zetu tulio huku Uingereza.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mumewe mwaka jana. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na alikuwa akiandikia katika kompyuta ya mezani aliyoinunua mwaka 2011, ile ya sanduku kubwa jeusi liwekwalo chini ya meza. Humo mlikuwamo picha za watoto tangu udogo wao, na sauti yake mwenyewe akiwasomesha Juzuu Amma. Mlikuwamo pia orodha ya madeni, yaani watu anaowadai na watu wanaomdai. Kila mmoja wetu ajua kwamba mirathi haigawanywi mpaka deni la marehemu lilipwe. Mama akiwa ndani ya eda akataka kuitafuta orodha hiyo, wala hakujua mumewe ameiweka wapi wala ameipa jina gani. Mafaili yalikuwa maelfu. Kila akianza kupekua, mashine inaganda: kishale kinasimama katikati ya kioo, saa ya pembeni haisogei, na hakuna kitufe kinachosikilizwa. Huizima kwa nguvu, akaiwasha tena, ikaenda kidogo, ikaganda tena.

Kijana wake akaibeba kwa fundi wa dukani. Duka hatulitaji. Fundi hakuuliza swali hata moja. Alisema mashine ni kuukuu, dawa yake ni kuifuta yote na kuitia Windows upya, kisha akamsogezea karatasi ya kutia saini kwamba duka halitawajibika kwa chochote kitakachopotea. Kijana alikwisha kuishika kalamu. Bahati njema akampigia mama yake simu kwanza, na mama akamwambia airudishe nyumbani mashine kama ilivyo.

Hatusemi haya kwa kumsimanga fundi. Sisi wenyewe tulipata kuipoteza orodha nzima ya wapokeaji wa jarida hili kwa haraka kama hiyo hiyo, na wako wasomaji watakaokumbuka miezi miwili ambayo hawakupata nakala. Tangu hapo tumejiwekea sharti moja: kompyuta inayoganda haiguswi kwa matengenezo mpaka kilichomo ndani kimeokolewa. Mashine hununuliwa nyingine. Sauti ya marehemu hainunuliwi.

Kuokoa kwenyewe si kazi ya kutisha. Ikiwa mashine inakwenda japo kwa dakika chache, ipumzishwe, iwashwe, na kazi ya kwanza iwe kunakili yale ya lazima kwenye flashi, kidogo kidogo, la muhimu likitangulia. Ikiwa haivumilii hata hivyo, diski hutolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine iliyo nzima. Ndivyo tulivyofanya sisi. Diski za kompyuta za mezani za miaka ile ni pana, za inchi 3.5, na waya wa USB peke yake hauzitoshi kwa umeme. Hutakiwa kiunganishi chenye umeme wake wa pembeni. Kiunganishi hicho si ghali, na jumuiya yetu sasa inacho kimoja cha kuazimana.

Hapa pana tahadhari mbili. Ya kwanza, diski ikisikika ikigonga, tik, tik, tik, izimwe pale pale na isiwashwe tena. Sauti hiyo aghalabu ni ya sindano za kusomea zilizoharibika, na kila dakika ya kuendelea huongeza madhara. Ya namna hiyo ni ya wataalamu wenye vyumba visivyo na vumbi. Wala mtu asiufungue mfuniko wa diski yenyewe. Ya pili ni ya amana. Neno la siri la kufungulia Windows halimzuii mtu kusoma diski iliyounganishwa na mashine nyingine, isipokuwa diski yenyewe imefungwa kwa msimbo. Maana yake ni kwamba fundi yeyote akiwa na diski yako aweza kuona barua zako, picha za wake na binti zako, na hesabu zako. Kwa hiyo tulimketisha kijana wa marehemu mbele ya kioo, kipanya mkononi mwake, nasi tukawa tunamwelekeza kwa maneno tu, macho yetu tumeyapeleka kwingine. Twawasihi wasomaji wafanye hivyo, au wamtake fundi afanye hivyo.

Diski ilikuwa nzima. Tulinakili yote kwa saa nne, nakala mbili, na moja kati ya hizo ikapelekwa nyumba nyingine ya ukoo, maana nakala mbili ndani ya kabati moja huungua pamoja. Orodha nayo ilipatikana, tena kwa njia nyepesi. Kijana alikuwa ametafuta kwa neno "madeni" na neno "deni" asiambue kitu. Tulimwomba ayapange mafaili kwa tarehe ya kuandikwa mara ya mwisho, ayatazame ya majuma ya mwisho kabla baba yake hajalazwa. La tatu kutoka juu liliitwa "Amana".

Baada ya hapo ndipo tulipoishika mashine, na hapa twataka kulisifu daftari. Mama, katika siku zile za eda, alikuwa akiandika kila mara kompyuta ilipoganda: saa ngapi, na alikuwa akifanya nini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kurasa mbili zile zilitufaa kuliko vyombo vyote. Sisi tulikuwa tumekwisha kuhukumu kwamba ni joto, kwa kuwa sanduku lilikaa juu ya zulia karibu na kipasha joto cha ukutani, na mashine ikaayo hivyo huvuta manyoya ya zulia mchana na usiku. Lakini daftari lilisema vingine. Siku moja ameandika kwamba alisikiliza sauti ya mumewe kwa dakika hamsini na mashine haikuganda. Siku ya pili, picha za Idi, dakika sita, imeganda. Siku ya tatu, asubuhi na mapema, mashine ikiwa baridi kabisa, picha za arusi, dakika nne, imeganda. Kama tatizo lingekuwa joto, lingefuata muda. Hili lilifuata uzito wa kazi.

Hata hivyo tuliisafisha, kwani vumbi lilikuwamo la kutosha kujaza mto. Wasomaji watakaotaka kufanya hivyo wachomoe waya wa umeme kwanza, kisha wabonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, kisha waguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine. Vumbi liondolewe kwa brashi laini au kwa mkebe wa hewa, feni ikizuiwa kwa kidole isizunguke. Mashine ya kufyonzea vumbi la zulia isiingizwe humo, kwani huzalisha umeme tuli uwezao kuua vipande vidogo. Na lile boksi la chuma liingiamo waya wa umeme lisifunguliwe kabisa hata kama waya umechomolewa, kwa kuwa ndani yake mna vipande vinavyohifadhi umeme wa kuweza kumdhuru mtu. Kwa prosesa tulifuta yale mafuta mazito ya kupitishia joto, yaliyokuwa yamekauka kama udongo, tukaweka mapya kiasi cha punje ya mchele. Tukaiwasha, tukafungua picha. Dakika saba, imeganda.

Ikabaki ramu. (Si ile iliyoharamishwa, ndugu zetu, mzee mmoja wa kamati alituuliza kwa mshangao tulipoitaja mbele ya watoto.) Diski ni kama kabati ambamo vitu hukaa hata taa ikizimwa. Ramu ni kama jamvi ambalo mchuuzi hupangia bidhaa anazouza kwa wakati huo, na jioni hulikunja. Jamvi likiwa na tundu kwenye pembe, mwenye bidhaa chache hatalijua, kwani hafiki pembeni. Siku atakayotandaza bidhaa nyingi, kitu hudumbukia. Sauti ni bidhaa chache. Picha mia mbili ni nyingi. Daftari lilikuwa likituambia hivyo tangu mwanzo, nasi twasoma tusione.

Kupima ramu hakuhitaji fundi. Windows yenyewe, tangu ile iliyotoka mwaka 2007, ina programu ndani yake ya kupimia; na iko nyingine ya bure iitwayo Memtest86, ambayo huwekwa kwenye flashi na kuwashiwa kutoka humo. Tuliiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi tulikuta mistari ya makosa. Mashine ilikuwa na vibao viwili vya ramu, kila kimoja cha gigabaiti 2. Tukachomoa kimoja, tukapima: safi. Tukakirudisha nje, tukatia cha pili peke yake katika tundu lile lile: makosa yakarejea. Ugonjwa ulikuwa ni kibao kimoja, mfano wa rula fupi, na tulikipata kingine kilichotumika, cha gigabaiti 4, kwa bei isiyozidi sahani ya biriani. Anayenunua atazame aina yake. Cha DDR3 hakiingii kwenye tundu la DDR4. Pengo la chini limekatwa mahali tofauti, na asiyejua hukisukuma kwa nguvu akavunja ubao mzima.

Twasisitiza jambo lile la kimoja kimoja. Lau tungebadilisha ramu, tukasafisha vumbi na kutia Windows upya kwa siku moja, mashine ingepona na sisi tusingejua imeponywa na nini. Kisha ingeganda tena mwezi wa pili, nasi tungerudi mwanzo.

Zipo sababu nyingine za kuganda, na hatuwezi kuzimaliza leo. Mashine inayoganda ikiwa na programu moja tu yaweza kuwa na programu mbovu. Hapo bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtaona ipi inayokula nguvu zote. Kipimo chepesi ni taa ya Caps Lock: mkibonyeza kitufe hicho na taa ikabadilika, mashine ingali hai na yafaa kusubiri, isipobadilika, imeganda kweli. Zilizotengenezwa baina ya mwaka 1999 na 2007 zilisumbuliwa sana na kapasita mbovu, vile vijikebe vidogo juu ya ubao, ambavyo huvimba kichwani na kuvuja. Mkiona kimevimba, mashine hiyo imekula chumvi nyingi.

Kuhusu Windows 10, iliyokuwamo katika mashine ya marehemu: huduma yake ya kawaida kwa watu wote ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri ule hazikubaliki kwa Windows 11. Sisi tulishauri mashine ile isiunganishwe tena na intaneti, wala isitumiwe kwa mambo ya benki. Kwa kusikiliza, kuandika na kutazama picha yatosha. Atakaye kuingia mitandaoni kwa mashine kuukuu, Linux Mint ni ya bure, na vijana wetu wawili wamekwisha kuijaribu bila ya kulalamika, jambo ambalo kwa vijana wetu ni nadra.

Neno moja kwa wanaotuma kompyuta nyumbani katika makontena, hasa jamaa walioko Marekani wanaopata nakala ya jarida hili kwa posta. Mashine nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma yake, karibu na tundu la umeme, yenye namba 115 na 230. Huko Marekani hukaa kwenye 115. Ikifika Mombasa au Unguja na kuchomekwa hivyo hivyo, italia mara moja na kunuka, na aliyeingoja kwa miezi mitatu atabaki na sanduku. Isogezwe kwenye 230 kabla haijafungwa katika boksi, na iandikwe kwa kalamu nene kwamba imesogezwa.

Mama wa marehemu wale watoto ametoka eda. Alitutumia salamu kwamba katika lile faili mlikuwa na majina tisa, na wa mwisho ni mtu wa Tanga, ambaye alikuja kuwapa pole kwa simu siku ya matanga na asitaje kwamba anadai. Amekwisha kulipwa. Kibao kibovu cha ramu tumekiweka ofisini, kwenye mkebe wa biskuti, kwa watakaotaka kukitazama.

Wenye mashine zinazoganda wazilete Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya Alasiri, katika chumba cha nyuma cha madrasa. Waje na waya wake wa umeme, flashi tupu, na daftari.

Wabillahi tawfiq.